Akina baba nasi turuhusiwe kuwabeba njiti

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu wodi za watoto njiti na sisi akina baba.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, mimba ikiwa ya wiki 30, baada ya mama yake kushikwa na kifafa cha mimba. Alikuwa na gramu 1,240. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, riziki yangu ni vipimo, lakini umbo lile sikuwahi kulipima. Paja lake lilikuwa sawa na kidole changu gumba. Kofia za dukani zilimfika kidevuni. Nikaikata fulana yangu ya pamba, nikamshonea yake.

Mama alilazwa wodi nyingine siku nne, presha haishuki. Kazi yangu ikawa kupeleka maziwa aliyoyakamua, hata kijiko hayajazi, na mwisho wangu mlangoni. "Huku wanaingia akina mama tu, baba." Nilimwona kwa kioo, mpira puani, macho yamefunikwa, taa ya bluu ya kutibu manjano ikimmulika. Siku ya tatu mashine yake ikalia, muuguzi akakimbia kumkuna unyayo. Njiti husahau kupumua, kwa kuwa ubongo wake bado haujakomaa. Nikaona rangi inamrudia. Mimi niko nje, mikono mitupu.

Usiku wa nne muuguzi mmoja mtu mzima akaniita: "Baba, nawa mikono, vua shati." Akamlaza kifuani pangu, miguu imekunjwa kama ya chura, akatufunga pamoja kwa kanga ya mama yake. Kipimajoto kilikuwa kimesoma 35.6. Baada ya saa moja kikasoma 36.6. Niliogopa hata kukohoa.

Wiki ya kwanza alipungua hadi gramu 1,130. Mke wangu alilia sana, maana hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba njiti hupungua kwanza ndipo aanze kupanda. Tukambeba kwa zamu, yeye mchana, mimi usiku kila alipokuwapo muuguzi yule. Siku ya 38 tukatoka naye, gramu 1,820.

Kubeba huku, tunakokuita kangaruu, kulianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za joto zilikuwa chache. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri mtoto aanze kubebwa mara tu anapozaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Sasa mama mwenye mshono mbichi tumboni atazimaliza vipi saa hizo peke yake, na baba mzima yuko kwenye benchi la nje?

Sababu ya kutuzuia naielewa. Akina mama mle ndani wako vifua wazi, wananyonyesha, na mimi pia nisingependa mke wangu atazamwe na wanaume wa watu. Lakini hilo ni suala la pazia.

Hospitali yoyote ya hapa Tanga itakayokubali kuwaingiza akina baba, mapazia nitayashona mimi, ufundi wangu sitozi senti. Wanipe tu idadi ya vitanda na urefu kutoka darini hadi sakafuni.

Baba wa njiti,
Ngamiani, Tanga