Rafiki yangu, kuhusu wale watoto wako wawili

Mambo mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata, nimecheka pale bosi alipokubwagia mafaili halafu akaenda semina. Ndo ustawi wa jamii huo, karibu.

Sasa wale wawili waliofiwa na mama kwa korona. Kabla ya fomu na madaftari ulizia kama kuna mtu kawaambia ukweli, maana ndugu wengi wanasema mama kasafiri au kalala, mtoto anabaki anasubiri, mwingine anaanza kuogopa hata kulala. We sema amekufa, harudi, na siyo kosa lako. Hilo la kosa lirudie kila ukienda, kwani kipindi kile walisikia kutwa kwamba watoto wanaweza kuwaambukiza wazee, sasa bibi akifa mtoto wa miaka sita atawaza nini? Na bibi ndo mlezi kwenye nyumba nyingi, hata wale watafiti walioandika kwenye Lancet, jarida la tiba, waliwahesabu, wakakadiria hadi Aprili 2021 watoto zaidi ya milioni 1.5 duniani wamefiwa na mzazi au babu na bibi waliokuwa wanaishi nao au kuwalea.

Usikubali wapelekwe kituo cha kulelea watoto harakaharaka eti kwa vile kuna nafasi. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 inataka ndugu kwanza na watoto wa tumbo moja wasitenganishwe. Ndugu wakiogopa ugonjwa kaa nao uwaelimishe, usiwagombeze. Wakati wa Ebola kule Afrika Magharibi, 2014 mpaka 2016, kuna watoto waliogusana na wagonjwa ilibidi waangaliwe siku 21 na hakuna aliyethubutu kuwabeba, basi wakatafutwa watu waliopona Ebola wenyewe, wenye kinga, wakawalea. Mi hiyo huwa naipenda jamani!

Ila shangazi akishasema ndiyo usifunge faili. Hapo ndo nyumba inapoanza kuelemewa, mkubwa anaacha shule kimyakimya alee mdogo, na ofisini kila mtu anaandika "wanaendelea vizuri". Nenda uwaone. Ukishindwa piga simu, ila ujue mtu mzima anaweza kuwa kakaa pembeni anasikiliza, so uliza maswali ya kujibika ndiyo au hapana tu, mengine utayamaliza mkionana.

Yule mdogo asiyeongea usimlazimishe, mpe karatasi na rangi ukae karibu. Fomu yangu ya tathmini nakutumia kesho, hiyo yenu ina maswali mengi mno utadhani wanaomba mkopo.

Wako,
yuleyule