Barua kwa Mwanaisha: usijitoe bado

Tanga,
Jumapili jioni

Mpenzi Mwanaisha,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, mvua zimeanza kupungua na wagonjwa wetu wameinuka. Mama anakusalimia sana, anauliza utakuja lini, maana anasema bado ana deni lako la samaki wa kupaka.

Ujumbe wako wa Alhamisi niliusoma nikiwa kwenye daladala, nikaurudia nilipofika nyumbani, nikaona jibu la simuni halitatosha. Unasema umechoka. Kazi yako ya miezi miwili, ile ya kuiwezesha programu ihifadhi kumbukumbu hata pasipo intaneti, ilipata maoni mawili tu: la kwanza "safi", la pili likakusahihisha nukta. Halafu ukapendekeza mbadilishe alama ya kuhifadhi, ile picha ya disketi, kidude cha zamani cha kuhifadhia mafaili, ambacho watoto wa siku hizi hawajapata hata kukiona, na ndani ya siku nne yakamiminika maoni 63. Huyu anataka kabati, huyu anataka mshale, yule anasema disketi ibaki kwa kuwa dunia nzima imeizoea. Na aliyekuchoma zaidi ni yule aliyesema huheshimu kazi ya waliokutangulia. Sasa unataka kujitoa.

Nakuomba usijitoe bado. Kwanza nikusimulie yaliyotupata sisi, kwa sababu sijawahi kukusimulia yote.

Unakijua kikundi chetu cha kutafsiri programu huria. Mwaka juzi tulikaa wiki tatu tukibishania lipi litumike kwa password, nywila au nenosiri. Wiki tatu, Mwanaisha. Tulikuwamo Wakenya na Watanzania, na unatujua tukishaanza maneno ya kompyuta hatumalizi: ninyi huko mmefundishwa tarakilishi shuleni, sisi huku tumekua tukisema kompyuta, na kila upande una hakika kwamba wa pili ndiye anayeiharibu lugha. Basi nywila ikaacha kuwa neno la kufungulia programu, ikawa bendera. Watu walileta kamusi, wakapiga picha kurasa, wakapigia mistari. Wawili waliosoma pamoja chuo kimoja waliacha kusalimiana.

Katika wiki hizohizo mtu mmoja alileta tafsiri za vitufe 110. Hakuna aliyezitazama. Niliziidhinisha mimi usiku, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka kuandika maelezo marefu ya kutetea nenosiri. Haikunichukua hata dakika ishirini.

Miezi miwili baadaye shangazi yangu wa Korogwe akanipigia simu. Yeye ni katibu wa kikundi chao cha kuweka na kukopa, na michango yote alikuwa akiiandika kwenye programu hiyo tuliyokuwa tukiitafsiri, kwa kuwa mimi ndiye niliyemsifia. Alikuwa amegusa faili la mwaka mzima kwa bahati mbaya. Kikatokea kisanduku kinamuuliza kama ana hakika anataka kulifuta faili hilo, na chini yake vitufe viwili. Cha kushoto kimeandikwa Futa. Cha kulia kimeandikwa Futa.

Kimoja kilikuwa cha kulifuta faili. Cha pili kilikuwa cha kuachana na shughuli yenyewe, kama tunavyosema kufuta safari au kufuta mkutano. Kila tafsiri ukiisoma peke yake ni Kiswahili kisicho na kasoro, ndiyo maana jicho langu likapita. Shangazi akaniambia taratibu, hata hakugomba: "Mwanangu, mimi nilibonyeza Futa ili nifute kule kufuta." Michango ya wanawake 22 ilipotea. Aliikusanya upya kutoka kwenye madaftari yao, nyumba kwa nyumba, siku kumi na mbili. Neno lililotakiwa pale lilikuwa Ghairi, na mtu mmoja tu kati yetu angetazama huko siku ile, tungelipata kabla chai haijapoa.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ilikuwaje watu wenye akili zao, wanaojitolea, wanaoipenda kazi, waangalie pasipo na hatari na kupaacha penye hatari. Nikaikumbuka kamati ya harusi ya mdogo wangu. Ulikuwepo kile kikao cha tatu. Mkataba wa ukumbi, uliobeba fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote, ulipita kwa dakika tano: mwenyekiti alisoma, tukaitikia. Kisha tukafika kwenye rangi ya sare. Saa mbili usiku tuko kwenye sare, saa nne bado tuko kwenye sare. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujadiliana na mwenye ukumbi, ila kila mmoja wetu amewahi kuvaa kitambaa.

Mwingereza C. Northcote Parkinson aliliandika jambo hili mwaka 1957, kwa mfano wa kamati ya fedha: kinu cha nyuklia kinapitishwa upesi kwa kuwa wajumbe hawakielewi, banda la baiskeli linazozaniwa sana kwa kuwa kila mtu anajua banda ni nini, na kahawa ya vikaoni inazozaniwa kupita banda. Watengeneza programu waliupata mfano huo kwa Poul-Henning Kamp, raia wa Denmark aliyekuwa mmoja wa wajenzi wa FreeBSD, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Oktoba 1999 wenzake walikuwa wakibishania amri ndogo iitwayo sleep, ambayo kazi yake ni kuiambia kompyuta isubiri sekunde kadhaa kabla ya kuendelea. Mtu alipendekeza amri hiyo ipokee pia sehemu ya sekunde, nusu au robo. Pendekezo zima ndilo hilo. Ubishi ulipowaka, Kamp aliwaandikia wenzake akiwakumbusha lile banda, kwamba mambo makubwa hupita kimya na haya madogo ndiyo huwasha moto. Akaeleza kwamba kwao Denmark wanaita hali hiyo kuacha alama ya kidole: mtu anataka siku moja aonyeshe mahali na kusema, pale pana mkono wangu.

Wengi wanaoisimulia habari ya banda huishia kwenye kuwalaumu wabishi. Mimi nakuomba usiishie hapo. Baada ya mambo ya shangazi nilirudi kwenye kumbukumbu zetu nikamtafuta yule kijana aliyekuwa akiongoza upande wa nywila. Alikuwa na sisi kwa miezi minne. Alikuwa amewasilisha tafsiri tisa, na hakuna hata moja iliyojibiwa, si kwa kukubaliwa wala kwa kukataliwa. Alipoandika kuhusu nywila, ndiyo ikawa mara ya kwanza mtu yeyote kumjibu. Mwanaisha, hata mimi nisingeliachia neno hilo. Alikuwa amepata mlango mmoja tu ulio wazi katika nyumba nzima. Hebu watazame walioandika hayo maoni 63, uone ni wangapi wamewahi kujibiwa kwa jambo jingine.

Aliyetutoa kwenye ule ubishi ni msimamizi wetu, mwalimu mstaafu. Hakuitisha kura, na nashukuru hakuitisha, kwa sababu kura ingegeuka hesabu ya Wakenya wangapi na Watanzania wangapi, na upande ulioshindwa ungeondoka na kinyongo. Aliuliza swali moja: tukiandika nywila, ni nani atakayeshindwa kuingia kwenye programu? Na tukiandika nenosiri, nani atashindwa? Kimya cha siku nzima. Kisha mtu mmoja akasema mama yake hajui nywila ni nini, lakini nenosiri hata akiliona kwa mara ya kwanza ataambiwa na neno lenyewe. Mwingine akasema nenosiri ni refu kwa kitufe cha simu ndogo. Sasa hayo yalikuwa mambo ya kujibika. La kitufe tulilijaribu, likaenea. La mama wa mtu hatukupata jibu lake upande wa nywila. Yule kijana akaandika: "Moyo wangu bado uko kwa nywila, ila sina pingamizi." Tukamaliza.

Nilikuja kugundua kwamba njia ile ya mwalimu ina wenyewe. Wataalamu wa IETF, wanaotunga kanuni za intaneti, hawapigi kura. Mwaka 1992 David Clark aliwaambia kwamba wao wanakataa wafalme, marais na kura, na wanaamini mwafaka usio kamili pamoja na programu inayofanya kazi. Vikaoni mwao wanapotaka kujua upepo unavuma wapi, watu huguna midomo imefumbwa, wote kwa pamoja, upande huu kisha upande ule. Na waraka wao wa mwaka 2014, RFC 7282, unaeleza kwamba hata mguno haumalizi jambo. Kinachomaliza ni kila pingamizi kusikilizwa na kujibiwa, hata kama mwenye pingamizi hakupata alichotaka. Mtu mmoja mwenye hoja isiyojibiwa anaweza kuwazuia mia, na mia wasio na hoja hawamzuii mmoja. Nilipolisoma hilo nilimpigia mwalimu simu usiku huohuo nikamsomea. Akasema hivyo ndivyo baba yake alivyokuwa akisuluhisha mashamba.

Usije ukafikiri nakwambia mambo madogo hayana maana. Futa lilikuwa neno dogo kuliko nywila. Udogo haupimi kitu. Kinachopima ni kama yuko mtu wa kutajwa, mwenye simu yake mkononi, atakayeumia. Kwenye Futa alikuwepo shangazi. Kwenye nywila na nenosiri sote tungeingia salama. Na hiyo disketi yako, muulize kila mmoja: ni nani atakayepoteza kazi yake kwa kutoielewa alama? Akiwepo, mkamwone na mmjaribie. Asipokuwepo, hayo ni mapendeleo, na mapendeleo yana haki ya kusikilizwa mara moja, si mara sitini.

Wekeni na muda. Miradi ya Apache, shirika la programu huria, ina desturi ya kuacha saa 72 kabla ya kulifunga jambo, ili hata aliye upande wa pili wa dunia aamke, asome na ajibu, na kwenye mabadiliko ya programu anayepinga ni lazima atoe sababu ya kiufundi, la sivyo pingamizi lake halihesabiwi. Mambo mengine hata muda hayastahili, kama nafasi za mwanzo wa mstari wa msimbo, yaani maandishi ya programu. Watu wa Go, lugha ya kuandikia programu, walitengeneza chombo kiitwacho gofmt kinachoupanga msimbo kwa namna moja kwa wote, hakuna wa kuulizwa. Rob Pike, mmoja wa waasisi wa Go, amekiri kwamba mpangilio wa gofmt si chaguo la kwanza la mtu yeyote, lakini gofmt yenyewe inapendwa na wote. Alama moja ya kuhifadhi haina chombo cha namna hiyo, lakini inaweza kuwa na mtu mmoja mliyemkabidhi, na siku ya mwisho.

Ninachokiogopa ni hiki unachotaka kufanya wewe. Guido van Rossum aliianzisha Python, lugha nyingine ya kuandikia programu, na kuiongoza karibu miaka thelathini. Mwaka 2018 palizuka ubishi juu ya alama ndogo, nukta mbili na sawasawa (:=), ya kulipa jina thamani katikati ya mstari wa msimbo. Pendekezo likapita, kwa uamuzi wake. Julai mwaka huohuo akajiuzulu, akisema hataki tena kupigania jambo namna ile kisha aone watu wengi wakiudharau uamuzi wake. Python haikufa. Wenzake walikaa, wakajadiliana namna ya kujiongoza, na mwanzoni mwa 2019 wakachagua baraza la watu watano. Wao walikuwa wengi, wangeweza kulibeba pengo hilo. Kikundi chenu kina watu wangapi wanaoielewa ile kazi yako ya kuhifadhi bila intaneti? Nadhani ni wewe peke yako, na ndiyo maana ilipata maoni mawili. Kile kimya hakikuwa dharau. Walikuwa kama sisi mbele ya mkataba wa ukumbi.

Kwa hiyo nimefanya jambo bila ruhusa yako, unisamehe. Yule kijana wa nywila sasa ndiye anayekagua vitufe vyetu vyote, na hakuna kinachopita bila yeye kukifungua kwenye simu na kukibonyeza. Nimemweleza kuhusu kazi yako. Wiki ijayo anakwenda Korogwe, atakaa kwa shangazi, ambako mtandao unakuja alfajiri na kuondoka jua likichomoza. Anataka kuijaribu huko kwa siku tatu, kwa michango ya kweli, kisha akuandikie kila alichokiona. Ameniuliza maswali sita ambayo mimi siwezi kuyajibu. Nimeyaandika nyuma ya karatasi hii.

Nisalimie baba na wadogo zako wote. Jumatano baada ya isha nitakupigia.

Mwenzako,
Rehema