Nusu maili irudi mikononi mwa vijiji

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya nusu maili, ule ukanda wa msitu uliolala kati ya vihamba vyetu, yaani mashamba yanayozunguka nyumba zetu, na msitu wa asili wa Kilimanjaro.

Ulitengwa mwaka 1941, upana wake kama mita 800, ili wananchi wapate kuni, nguzo, mbao na majani ya ng'ombe bila kuugusa msitu wa juu. Baraza la Wachagga ndilo lililousimamia, ikapandwa mikaratusi na saiprasi. Hifadhi ya Taifa ilipoanzishwa mwaka 1973 ilianzia juu ya msitu. Mwaka 2005 msitu nao ukaingizwa ndani yake, na nusu maili ikaenda humo humo.

Hapo ndipo tulipokwama. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuingia makubaliano na serikali, kilinde msitu na kinufaike nao. Ndani ya hifadhi ya taifa mlango huo haupo.

Kwetu ng'ombe hachungwi. Anafungwa bandani, majani yanamfuata. Kihamba kimegawiwa watoto na wajukuu hadi hakuna pa kuotesha hata mstari wa majani. Shemeji yangu hutoka saa kumi na moja alfajiri kwenda tambarare kutafuta mabua ya mahindi, yeye na wenzake wamechanga nauli ya gari. Mzigo unafika jioni, na ng'ombe wake wawili wanaumaliza kwa siku mbili. Akisimama nyuma ya banda anauona msitu, majani yamefika kiunoni, yanakauka yenyewe.

Sisemi mlima uachwe wazi. Nilipokuwa kijana nimesikia kwa masikio yangu misumeno ikipasua mikulo, ile miti mikubwa ya mbao ya msitu wa asili, usiku, na waliokuwa wakipasua tuliwajua. Maji ya mfongo, yaani mfereji, unaopita shambani kwangu yanatoka huko huko juu. Ndiyo maana nataka mlinzi awe kijiji, kwa sababu sisi tunausikia msumeno kabla ya askari yeyote.

Ombi langu kwa serikali: ukanda utolewe hifadhini, kila kijiji kipewe kipande chake kwa mkataba wa maandishi, siku za kukata majani zipangwe, kila mti unaovunwa upandwe mwingine, na kamati ya kijiji ijibu kwa kila kisiki kisicho na kibali. Tujaribiwe hata kwa kata moja, miaka mitano.

Mkulima,
Kibosho, Moshi