Nota tisa za ushindi za Final Fantasy ziwafikie watunzi wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie muziki wa gemu, jambo ambalo magazeti yetu ya Kiswahili hulipita kana kwamba halipo. Kurasa za burudani zikigusa habari za gemu, huandika bei ya mashine, uzuri wa picha, na nani kamfunga nani kwenye mpira wa PlayStation. Mtunzi wa muziki hatajwi. Kuna kipande kimoja, kifupi kuliko tangazo lolote la redio, ambacho kila anayepanga sauti za kwaya, anayetunga viashirio vya vipindi au anayetengeneza milio ya programu za simu angefaidika kukifungua na kukichungulia ndani. Nacho ni kiashirio cha ushindi cha Final Fantasy, mfululizo wa gemu za Kijapani.

Kilitungwa na Nobuo Uematsu, Mjapani aliyejifundisha kinanda mwenyewe, kwa ajili ya gemu ya kwanza ya mfululizo huo iliyotoka Japani tarehe 18 Desemba 1987 kwenye Famicom, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo. Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Adui wa mwisho akianguka, muziki wa vita hukatwa papo hapo bila kufifishwa, zinapigwa nota tisa, na wapiganaji wako wanainua mikono juu. Kisha unafuata wimbo mdogo wa kutembea unaozunguka bila kikomo wakati mchezaji anasoma amepata pointi ngapi na fedha kiasi gani. Akibonyeza kitufe, unakoma. Ukikimbia vita, husikii kitu. Malipo hayo ni ya aliyeshinda tu.

Kwa wasomaji wanaosoma nota za kwaya, tuchukue do kuwa C. Sauti ya juu inakwenda hivi: do-do-do, do, la iliyoshushwa nusu hatua, ti iliyoshushwa nusu hatua, do, ti iliyoshushwa, do. Mapigo ni manne kwa kila kipimo. Do tatu za mwanzo zinagawana pigo la kwanza sawasawa. Do ya nne inachukua pigo la pili zima, A-flati (yaani la iliyoshushwa) pigo la tatu, B-flati (ti iliyoshushwa) pigo la nne. Kipimo cha pili kinaanza na pigo lililokatwa tena vipande vitatu: do, kimya, B-flati. Do ya mwisho inatua kwenye pigo la pili na kushikiliwa.

Wanaokipiga kwa kusikia hukosea mahali palepale karibu kila mara. Wengine hupiga zile do tatu kama nota mbili fupi na moja ndefu, na mwendo unageuka wa kuchechemea. Wengine huvunja kile kimya kidogo katikati ya pigo la kwanza la kipimo cha pili kwa kuivuta do mpaka ikutane na B-flati. Hapo msukumo wote unakufa, kwa maana sikio lilihitaji pengo hilo ili nota ya mwisho irukiwe, si kuteleziwa. Wapo pia wanaopiga A na B za kawaida badala ya flati, na kiashirio kinageuka zoezi la kupanda skeli, yaani mfuatano wa nota. Na wanakwaya wetu, kwa mazoea ya kufunga wimbo wa ibada, hupunguza mwendo wakikaribia mwisho. Hapa mwendo haupungui hata kidogo.

Nguvu yenyewe imo katika kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, zilizo chini ya sauti hiyo: C meja, A-flati meja, B-flati meja, halafu C meja tena. Nyimbo nyingi tunazoimba kanisani, na nyingi za dansi, hufunga kwa kutoka kodi ya so kwenda kodi ya do. Ndani ya kodi ya so mna ti, na ti iko nusu hatua tu chini ya do, kwa hiyo inavutwa kurudi nyumbani. Uematsu hakutumia mlango huo. Anashuka ghafla kutoka C hadi A-flati, kodi mbili ambazo zinashirikiana nota moja peke yake, yaani C, kisha anapanda hatua nzima mbili: A-flati, B-flati, C. A-flati na B-flati zimeazimwa kutoka skeli ya C maina, na kwa sababu hiyo kodi ya mwisho, ikiwa na E yake ya kawaida, inang'aa kuliko ilivyong'aa mwanzoni ingawa ni kodi ileile. Koji Kondo, mtunzi wa muziki wa Nintendo, alikuwa ametumia ngazi hiyohiyo ya kodi mwaka 1985 katika Super Mario Bros., kwenye kipande kinachopigwa Mario akimaliza hatua na kushuka kwenye mlingoti wa bendera. Na Uematsu mwenyewe ameiweka tena mwishoni mwa mzunguko wa ule utangulizi wa nota zinazopanda na kushuka unaofungua gemu nyingi za mfululizo wake. Anayesikiliza kwa makini atakuta utangulizi na ushindi ni ndugu wa tumbo moja.

Kwenye kinanda, mkono wa kushoto upige C, A-flati, B-flati, C. Wa kulia ushike E-G-C, kisha C-E♭-A♭ (♭ ni flati), kisha D-F-B♭, kisha urudi E-G-C. Mpangilio wa nota ndani ya kodi haubadiliki. Mkono mzima unahama. Mpiga gitaa ana kazi rahisi zaidi: ashike kodi ya kubana nyuzi zote kwenye freti ya 8, ashuke hadi ya 4, apande ya 6, arudi ya 8. Walimu wa kwaya waliofunzwa kukimbia oktavu na kwinti sambamba kati ya besi na sauti za juu watashtuka, maana kwa mpangilio huu zimejaa. Waziache. Usambamba huo ndio unaoleta sauti ya matarumbeta. Ukianza kuzipeleka sauti pande tofauti kama tenzi, unapata kitu kizuri ambacho hakitangazi ushindi wowote.

Inafaa kukumbuka vifaa alivyokuwa navyo. Famicom ilikuwa na njia tano tu za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi la pembetatu ambalo halina ngazi za kupandisha wala kushusha sauti, moja ya mchakacho, na moja ya vipande vya kurekodi vya hali duni. Nota nyingi kwa pamoja hazikuwezekana. Basi mtunzi alilazimika kuuweka uzito wote kwenye mwendo wa nota na mapigo, vitu ambavyo haviharibiki hata mashine ikibadilika. Ndiyo maana Final Fantasy IV ilipohamia Super Famicom, mashine iliyoifuata Famicom, mwaka 1991, yenye njia nane za sauti zilizorekodiwa, na ya VII ilipofika PlayStation mwaka 1997 ikiwa na njia 24, nota tisa zilihama bila kuguswa. Wimbo mdogo unaozifuata ndio uliobadilika. Wa gemu ya VII si ule wa michezo ya mwanzo. Hata hivyo mchezaji hakupotea, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuambiwa ameshinda kabla wimbo huo haujaanza.

Kilichokiyumbisha kiashirio hiki ni mabadiliko ya namna ya kucheza. Katika michezo ya zamani vita vilikuwa na skrini yake, na mwisho wake ulikuwa dhahiri. Katika Final Fantasy XII ya mwaka 2006, iliyotungiwa muziki na Hitoshi Sakimoto, adui unakutana naye palepale unapotembea, na ukimmaliza unaendelea na safari. Kusimamisha kila kitu kwa kila adui mdogo kungekera, kwa hiyo nota tisa zikatengewa maadui wakubwa. Final Fantasy XIII ya mwaka 2009, ya Masashi Hamauzu, ikaja na kiashirio kingine kabisa. Naheshimu sana kazi ya Hamauzu, lakini naona hapo walitupa kitu ambacho hakikuwa kimechakaa. Waliofuata walikuwa na busara zaidi: katika Final Fantasy XV ya mwaka 2016 kijana Prompto huziimba nota hizo mwenyewe baada ya vita, na katika toleo jipya la VII la mwaka 2020 mhusika Barret anazitoa kwa kinywa chake. Hakuna skrini ya ushindi tena, wala orkestra, bali mtu anayefurahi. Na bado zinatambulika, kwa sababu mapigo yake yanaimbika hata kwa asiyejua kuimba.

Watu wetu wamekwisha kupita chini ya sauti hizi. Tarehe 23 Julai 2021, katika ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, gwaride la mataifa lilisindikizwa na muziki wa gemu za Kijapani. Wimbo wa gemu ya Dragon Quest ndio uliofungua, na kiashirio cha ushindi cha Final Fantasy kilikuwemo pia. Timu za Kenya na Tanzania zilitembea katika gwaride hilo. Wajapani walipotaka kuukaribisha ulimwengu mzima uwanjani, waliona muziki huu unatosha kwa heshima hiyo.

Sasa nije kwa vijana wanaotengeneza gemu na programu huku kwetu, ambao wengi wana ujuzi wa kuandika programu kuliko wa sauti. Mlio wa ushindi ukiutaka ufanye kazi, usiuandike kama faili moja refu. Andika mawili: la kwanza ni kiashirio chenyewe, linapigwa mara moja, la pili ni wimbo wa kuzunguka, linaanza la kwanza linapokwisha na kurudia hadi mtumiaji abonyeze. Faili la kuzunguka msilihifadhi kwa MP3. Mfumo huo huongeza ukimya kidogo mwanzoni, takriban sehemu moja ya arobaini ya sekunde, na kujaza mwishoni ili fremu zake, yaani vipande vya sampuli 1152 za sauti kila kimoja, zitimie. Matokeo yake ni kigugumizi kila mzunguko unapoanza upya, na mtengenezaji huhangaika kutafuta kosa kwenye programu yake wakati kosa limo ndani ya faili. OGG au WAV humaliza tatizo hilo.

Muziki wa vita ukatwe mara moja, ila si kwa kisu kikavu, kwani kukata wimbi katikati hutoa mlio wa "tap". Ushusheni ndani ya milisekunde 5 hadi 10. Sikio halitambui kushuka huko, wala hamtasikia mlio huo. Ondoeni ukimya wote ulio mbele ya nota ya kwanza ya kiashirio. Kikichelewa hata kidogo tu baada ya adui kuanguka, mchezaji hukisikia kama wimbo mwingine ulioanza, si kama jibu la alichofanya.

Halafu kuna spika. Watu wengi watasikia kazi yenu kwenye spika ya simu, ambayo besi za chini huzimeza. Sauti kuu ya kiashirio cha Uematsu, ikipigwa kuanzia C iliyo juu ya C ya kati, iko takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 523, na inashuka hadi 415 tu kwenye A-flati. Hapo simu yoyote inasikika, hata sokoni. Nasikia viashirio vingi vya redio na vya programu za malipo vilivyojengwa juu ya ngoma na besi nzito. Studioni vinatikisa kuta, na kwenye simu vinabaki mchakacho. Sauti inayobeba ujumbe iwekwe kati ya hezi 400 na 2000, na besi iwe ya kuongeza ladha kwa mwenye spika kubwa. Kabla ya kukubali kazi, ipigeni kwenye simu ya bei ya chini kabisa mnayoweza kuazima, feni ikiwa inazunguka chumbani.

Na msizinakili nota tisa zenyewe, kwa maana zina mwenyewe. Ngazi ya kodi haina mwenyewe; mapigo ya vipande vitatu yalikuwepo kwenye matarumbeta ya kijeshi karne nyingi kabla ya gemu. Chukueni mbinu na mtunge yenu. Anayetaka ladha ya pwani anaweza kuachia mstari wa juu kwa zumari au kwa kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, mradi nota ya kwanza ishike haraka. Ala inayochelewa kutoa sauti, kama fidla inayovutwa taratibu, haifai kwa do tatu za pigo moja.

Ombi langu kwa dawati lako la burudani, Mhariri, ni dogo. Mnapochapisha habari ya gemu, iwe ya Japani, Marekani au ya vijana wa Nairobi na Dar es Salaam, andikeni jina la aliyetunga muziki, kama mnavyoandika jina la mtayarishaji chini ya habari ya wimbo wa Bongo Fleva. Na mkipata nafasi, mpeni mwalimu mmoja wa kwaya safu ya kuchambua kipande kimoja kila mwezi, akiweka nota za sol-fa pembeni ili msomaji ajaribu mwenyewe.

Wako,
Mwalimu wa kwaya na mpenzi wa muziki wa gemu,
Tanga