Kabla ya kununua runinga ya HD, kagua waya

Wateja wengi wanaokuja hapa dukani Luthuli Avenue wakitaka kubadilisha runinga kwa sababu "picha si safi", sisi huwauliza kwanza: dekoda umeiunganisha na waya gani? Mara nyingi ni zile pini tatu, nyekundu, nyeupe na njano, zilizochomekwa tangu matangazo ya analogi yalipozimwa Nairobi mwaka 2015, watu wakakimbilia dekoda.

Picha yote hupita kwenye ile ya njano, nayo haibebi HD, yaani picha kali ya mistari 720 au 1080, hata ulipie kifurushi gani. Hukupa mistari 576 tu, ilhali seti yenyewe huenda inaweza 1080. Ndiyo maana mpira ukianza nyasi zinageuka uji wa kijani, na namba ya mchezaji huisomi hadi kamera imsogelee. Chomeka waya wa HDMI, ule mmoja unaobeba picha ya HD pamoja na sauti, kisha ingia kwenye mipangilio ya dekoda uchague 1080, maana nyingine hubaki kiwango cha chini hadi uzibadilishe mwenyewe. Seti za zamani zenye mgongo mkubwa hazina tundu hilo. Hizo, kweli, zibadilishe.

Bado hujaridhika? Basi tuangalie ukubwa na umbali. Kwa inchi 32, jicho zima hufaidi 1080 yote ukikaa kama mita 1.3 hivi. Kochi likiwa mita 3, DVD nzuri na HD utazitofautisha kwa shida. Kwa hiyo inchi 32 ya 4K, yenye mistari 2160, hatukushauri, ingawa faida yetu ingekuwa nono zaidi. Tena soma kibandiko vizuri: kuna seti zinazopokea 4K, lakini kioo chenyewe ni pikseli (nukta za picha) 1366 kwa 768, yaani mistari 768 tu. Kwa inchi 55 na kochi la mita 2, hapo HD inalipa, tena sana. 4K utaanza kuifaidi ukisogea karibu zaidi.

Kama unatazama kwa intaneti, Netflix hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa 1080, na 15 kwa 4K. Kifurushi kidogo kinachogawanywa na nyumba nzima jioni hakitafika huko.

Ukija, piga picha ya nyuma ya runinga yako, na upime kutoka kochi hadi ukutani. Waya ukitosha, tutakuuzia waya.