Msikate video za skii kabla mtelezaji hajatua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linaloniuma mimi ninayepiga video za skii za mtindo huru, yaani kuteleza kwenye theluji kwa miruko na mizunguko ya hewani. Klipu nyingi zinazosambazwa humwonyesha mtelezaji akijipindua hewani, halafu picha inakatwa kabla hajagusa theluji. Mtazamaji anaachwa njiani, hajui kama kijana yule alisimama au alianguka chali.

Waamuzi wa mchezo huu hutazama mtelezaji alivyoondoka kwenye kilima cha kurukia, alivyozunguka, alivyoshika skii yake na alivyotua. Mizunguko mitatu kamili, yaani nyuzi 1080, haina thamani ile ile kwa aliyetua akiburuza mkono na kwa aliyetua wima, magoti yamekunjika kidogo, akaendelea kushuka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mchezo wa vilima na reli (vyuma vya kutelezea juu yake) uliingia Olimpiki huko Sochi mwaka 2014, na ule wa mruko mmoja mkubwa ukafuata Beijing mwaka 2022. Watelezaji wamepiga hatua kubwa. Sisi wahariri wa video tunawapunja.

Ushauri wangu kwa vijana wanaoanza ni huu: mruko mmoja, picha moja isiyokatwa, kuanzia anapoukaribia mdomo wa kilima hadi anapotoka kwenye fremu baada ya kutua. Simama ubavuni. Ukipiga kutoka chini, uso kwa uso naye, mruko unabanwa na urefu wake haupimiki. Ubavuni unaona mteremko, kilima, pengo lililopo katikati na mahali pa kutua, na hapo hata asiyewahi kuona skii anashika pumzi.

Mwendo wa polepole nao umetumiwa vibaya mno. Ukirekodi fremu 120 kwa sekunde kisha ukazicheza kwa fremu 24, sekunde 2 za hewani zinakuwa 10. Sekunde 10 za mtu anayeelea! Uzito wote unapotea. Mimi hupunguza kasi pale tu vidole vinapoishika skii karibu na kiatu, kwa sababu kwa kasi ya kawaida jicho haliwahi kuona kama ameshika kweli au amepapasa tu. Kisha narudisha kasi yake halisi kabla hajatua, ili skii zipige chini kwa nguvu yake na theluji iruke. Na mlio ule wa skii kukwaruza barafu usifunikwe wote na muziki. Ndio unaomwambia msikilizaji jinsi mteremko ulivyokuwa mgumu siku ile.

Kuhusu mwanga, kamera ikiachwa ijipimie yenyewe huiona theluji kuwa ni mng'ao uliozidi, ikaitia giza hadi ikatoka kijivu kama majivu. Ongeza mwanga hatua moja, pengine mbili, huku ukiangalia alama za skii chini: zikifutika, umepitiliza. Jua likiwa kali weka kichujio cheusi mbele ya lenzi badala ya kuharakisha shata (kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga), maana shata ya kasi mno huufanya mwendo uonekane wa kudundadunda. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani ya koti, zina tabia ya kuisha haraka kwenye baridi. Ukirudi ndani, iache kamera kwenye begi lililofungwa hadi ipate joto taratibu, la sivyo lenzi itajaa ukungu.

Kwa dawati lako la michezo nina ombi. Mkiletewa klipu ya mruko, mwulizeni aliyeipiga kama anayo ile nzima. Mara nyingi anayo, ameikata tu ili iwe fupi. Chapisheni hiyo nzima, na chini yake muandike jina la mtelezaji na la mpiga video.

Mpiga video za skii