Nembo za bibi na nyuso za Skyrim

Sinza kwa Remmy, Dar es Salaam

Somoe shoga yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Newala, bibi akiwa wa kwanza. Huku tu wazima, ila joto limezidi na umeme unakatika bila taarifa, kwa hiyo kazi za kompyuta nazifanya usiku sana, bando likiwa rahisi na mtaa umetulia.

Meseji yako ya sauti nimeisikiliza na kuirudia. Umeomba mawili: msuko wa twende kilioni kwa ajili ya yule mwanamke wako wa Kiredguard, kabila la watu weusi katika gemu ya Skyrim, na nembo za bibi, zile chale za Kimakonde za usoni, azivae mzee mmoja ndani ya gemu hiyo. La kwanza ningekujibu kwa WhatsApp tu. La pili ndilo lililonifanya nikamate kalamu, maana kuna kipande humu nataka umsomee bibi mwenyewe.

Nianze na nywele. Nywele nyingi za Skyrim ni vipande bapa vilivyopangwa kama vigae vya paa, na juu yake imebandikwa picha ya nyuzi. Kwa nywele zilizolala mgongoni njia hiyo inafaa. Kwa msuko haifai hata kidogo, kwa sababu msuko una unene na kivuli chake, na kati ya msuko na mwenzake kuna njia ya ngozi inayong'aa mafuta. Kwa hiyo nimeujenga upya kwenye Blender, programu ya kuunda maumbo: nachora mstari unaofuata mviringo wa kichwa kuanzia kwenye paji hadi kisogoni, naupa umbo la msuko, kisha nausogeza pembeni na kuanza mwingine. Nilimwita dada Mwajuma wa saluni aje asimamie. Alikaa nyuma yangu na kikombe chake cha chai, akaweka kidole kwenye skrini: "Hapa mbele anza na nywele kidogo, ongeza unavyorudi nyuma. Ukikamata nyingi kwa mpigo hapo kwenye paji, mteja halali usiku." Kichwa cha kwenye kompyuta hakisikii maumivu, lakini ule wembamba wa mbele unaonekana mara moja, na anayejua kusuka atajua kuwa aliyetengeneza anajua.

Ngozi ina kazi yake. Watu wengi wanachukua ngozi iliyochorwa kwa ajili ya mtu mweupe, wanaipaka weusi juu, basi. Inatoka kama majivu. Mwanga uliochorwa mashavuni ulipimwa kwa ngozi nyingine, midomo inapotea, na kiganja kinakuwa na rangi ileile ya mgongo wa mkono. Tazama kiganja chako sasa hivi, Somoe. Tazama na kwenye vifundo vya vidole. Hivyo vyote inabidi vichorwe kwa mkono, ndiyo maana nilikuwa nakusumbua unipigie picha za mikono ya watu. Na si Skyrim peke yake: gemu nyingine, The Sims 4, ilitoka mwaka 2014, lakini mpaka Desemba 2020 ndipo ilipoongezewa rangi za ngozi zaidi ya 100. Miaka yote hiyo waliokuwa wanaziba pengo ni wachezaji wenyewe, wakichora ngozi na nywele zao na kuwagawia wenzao bure. Nawaheshimu sana watu wale.

Hilo tatizo lako la uso kuwa mweusi tii huku mwili una rangi nyingine, usihangaike kufuta gemu zima. Kila mhusika ana faili mbili za uso zilizokwisha kuandaliwa, moja ya umbo la kichwa na moja ya rangi, zimekaa kwenye folda ya FaceGenData na zimepewa namba yake. Modi moja, yaani nyongeza iliyotengenezwa na wachezaji, ikisema pua iwe hivi, na faili za uso zikatoka kwenye modi nyingine, gemu inachanganyikiwa na kukuletea huo weusi. Fungua Creation Kit, ile programu ya kuihariri gemu, mchague mhusika, bonyeza Ctrl na F4 kwa pamoja, faili zitaundwa upya. Halafu hakikisha modi yako ya nyuso inapakiwa baada ya zile nyingine, maana inayopakiwa mwisho ndiyo inayoshinda. Na kumbuka toleo lako ni lile la 2016. Nywele za toleo la 2011 lazima zigeuzwe kwanza ndipo uziweke.

Sasa nembo. Kwa ufundi zinawezekana. Modi iitwayo RaceMenu inaruhusu kuweka michoro juu ya uso, na mchoro wenyewe ni picha tu isiyo na kitu nyuma yake. Lakini nembo za bibi si rangi tu. Zilichanjwa, ukipitisha kidole unazisikia. Tukichora mistari bila miinuko, mzee wetu ataonekana amepakwa wanja. Kwa hiyo tutahitaji kugusa na ile picha ya pili ya kichwa, inayoishia na _msn, ambayo haibebi rangi bali inaueleza mwanga wapi pameinuka na wapi pamezama. Hapo ndipo nembo itakaa kama nembo. Ni kazi ya subira na niko tayari kuifanya.

Ila sitachora hata nukta moja kabla bibi hajasema. Chagua wakati ametulia, usome hapa, na panapohitaji umweleze kwa Kimakonde:

Bibi, shikamoo. Mimi Zuhura, rafiki yake Somoe, uliyenilisha ming'oko nilipokuja huko. Kuna mchezo wa kompyuta uliotengenezwa Marekani. Mtu anauchezea nyumbani kwake, na ndani yake anaishi kama mtu mwingine, katika nchi ya milima na baridi, anatembea, anapigana, anaongea na watu. Waliouunda wamewapa wachezaji zana za kubadilisha vitu vingi, pamoja na sura za watu wa humo. Somoe anatamani mzee mmoja wa humo awe na nembo kama zako, kwa sababu anazipenda na hajawahi kuziona kwenye mchezo wowote. Mimi pia natamani. Lakini ujue haya. Tukishaziweka hadharani, mtu wa mbali asiyekujua wala kuijua Newala ataweza kumvalisha mtu wake nembo hizo. Anaweza kuzitumia kwa heshima, anaweza pia kuzitumia vibaya, na sisi hatutakuwa na namna ya kumzuia. Wala hatutaweza kuzirudisha. Neno lako ndilo la mwisho, na ukikataa huna haja ya kutoa sababu.

Hapo kwenye kutorudishika, Somoe, usimpunguzie makali. Nexus Mods, tunakopakia kazi zetu, ilibadilisha utaratibu wake Julai 2021: faili ikishapakiwa haifutiki kabisa kwa amri yako, inawekwa kando tu isionekane kwa wapitaji. Walikuwa na sababu zao, maana modi nyingi zinategemeana na moja ikitoweka nyingine zinaanguka. Kwa nywele zangu sina shida na hilo. Kwa uso wa bibi nina shida kubwa. Ndiyo maana akikubali, bado ningependa tusinakili mistari yake jinsi ilivyo. Mwombe akuchoree mtindo anaoridhia uende duniani, hata kama ni mchangani kwa kijiti, nawe upige picha mchoro ule. Zake abaki nazo. Na ndonya, lile pambo la mdomo wa juu, nayo muulize peke yake. Ruhusa ya nembo isihesabiwe kuwa ni ruhusa ya ndonya.

Kuna kijana mwenye kibanda cha gemu huku mtaani amesikia habari, anataka kuwapakia wateja wake modi yetu kwa hela na kutugawia kidogo. Nimemkatalia. Valve, wenye duka la gemu la Steam, na Bethesda, waliotengeneza Skyrim, wenyewe walijaribu kuuza modi za Skyrim Aprili 2015, mtengenezaji akiachiwa asilimia 25, wachezaji wakaja juu, na baada ya siku chache mpango ukafutwa na hela zikarudishwa. Ngozi ninayoanzia kazi yangu ni ya mtu mwingine aliyeandika waziwazi kuwa inatumika bure kwa sharti la kumtaja na kutouza. Sharti lake nitalitimiza. Na siwezi kudai heshima kwa niaba ya bibi huku naivunja kwa huyu.

Faili ya nywele ipo kwenye flashi, naituma na basi la kesho kutwa pamoja na vitenge vya mama. Mjaribishe mwanamke wako kwenye jua la mchana nje ya mji wa Whiterun, siyo ndani ya pango, halafu uniambie kama zile njia za kichwani zinaonekana au zimefifia. Dada Mwajuma anataka jibu kuliko mimi. Kuhusu bibi, mpe siku zake, usimharakishe. Akikubali, picha ya mchoro ipige asubuhi jua likiwa la ubavuni, ili mifereji ya mchangani ipate kivuli. Akikataa niandikie tu kwamba amekataa, nami nitaendelea na mikono, maana kucha bado hazijanikaa sawa.

Wako,
Zuhura